Uzi wa Zambarau wa Hajati Zaituni

Kach. Kach. Kach. Mwanangu, huo ni mkasi, na aliyeushika ni mimi. Nywele zangu zimeshaanza kuwa nyeupe, lakini sauti ile naisikia vilevile, kavu na ya haraka, kama mtu anayekata kucha za mtoto huku akiimba. Na kweli nilikuwa naimba.

Ilikuwa Jinja, miaka ya tisini, nami nina miaka kumi na tisa. Shule niliishia sekondari mwaka wa pili. Baba alikuwa askari wa magereza, watoto tulikuwa wengi, basi nikatafutiwa kazi kwa Hajati Zaituni, mama mmoja wa mjini aliyefuga okidi nyuma ya nyumba yake. Nasema aliyefuga, kwa sababu alivyoyaita maua yale kwa majina na kuyagombeza yalipokataa kuchanua, hutasema alikuwa anapanda. Yalining'inia chini ya wavu wa kivuli, kila moja kwenye chungu cha vipande vya mkaa.

Siku moja mpwa wake anayefanya kazi Nairobi akamletea kompyuta, na pamoja nayo disketi zenye programu ya ukoo wa okidi. Unaandika jina la ua chotara, inakuonyesha mama yake na baba yake. Unabonyeza tena, wanatokea mababu. Unabonyeza tena na tena mpaka unafika kwa ua la porini ambalo hakuna mtu aliyelichanganya na lingine. Mpwa alinifundisha siku mbili, akarudi kwake. Mwanangu, mimi binti wa kambi ya magereza, nikawa mtu pekee mtaani kwetu anayeweza kuulizia ukoo wa ua! Nilikuwa nafunika ile mashine kwa kitambaa cha kufuma kama vile ni sahani ya pilau. Usiku niliota nimekuwa mtaalamu, naitwa Entebe, naitwa Nairobi, watu wanasema mpisheni binti apite.

Ndipo siku Hajati alipokwenda mazishini Bugembe, nikaamua kumfurahisha. Lebo zake zilikuwa chafu, nyingine tupu kabisa. Tena kila mmea ulikuwa umefungwa vipande vya uzi shinani: huu mwekundu, ule kijani, ule wa zambarau, vimefifia, vina ukungu. Nikaona uchafu. Nikachukua mkasi, nikakata vyote, nikafagia, nikatia moto pamoja na majani makavu. Kisha nikaandika lebo mpya kwa kalamu isiyofutika. Palipokosekana jina la baba, niliuliza programu: mama huyu amewahi kuzaa na nani? Ikaniletea orodha ndefu, nikachagua mwenye rangi inayofanana. Kazi safi! Nilikaa mlangoni namsubiri Hajati kama mtoto anayesubiri zawadi ya Idi.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja bustanini. Alipita chungu kwa chungu, akishika shina moja moja kwa vidole. Akasimama mbele ya chungu kimoja ambacho mche wake ulikuwa umechanua kwa mara ya kwanza, ua jeupe, mdomo wake wa manjano na doa jekundu katikati.

"Hapa umeandika nini?" akaniuliza. Hajati alisoma Kurani vizuri sana, lakini herufi za kizungu hakuwa na habari nazo.

"Mama ni Rosalina, Hajati. Baba ni Leopold."

"Huyo Leopold umemtoa wapi?"

"Kwa kompyuta."

"Kompyuta ilikuwepo harusini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanieleza, polepole, kama mtu anayemhesabia mtoto mchanga vidole. Kila alipochukua chavua ya ua moja akaiweka kwenye ua lingine, alikata uzi mmoja vipande viwili. Nusu alifunga kwa mama, nusu kwa baba. Tunda likikomaa, mbegu laini kama vumbi zilipelekwa Nairobi kuoteshwa ndani ya chupa. Chupa zikirudi, jina la mama limebandikwa juu, na kila mche ulifungwa uzi wa rangi ileile. Ukitaka kumjua baba, unatembea bustanini mpaka uone rangi inayofanana. Hivyo tu. Hiyo ndiyo ilikuwa programu yake.

"Na hukumbuki, Hajati?"

"Ningekuwa nakumbuka, ningefunga nyuzi za nini?"

Nyuzi zilitoka kwa Sauda, mwanawe wa pekee, fundi wa kushona gomesi, yale magauni makubwa ya kina mama wa huku. Sauda ndiye aliyeshika maua wiki moja mama yake alipokuwa anaweka chavua, wakafunga rangi kumi na tisa. Sauda akafa mche ukiwa bado mdogo kama ukucha. Na ua lile jeupe lilikuwa la kwanza kuchanua tangu azikwe. Hajati alitaka kulipa jina la Sauda, jina lipelekwe ofisi ya ng'ambo inayoandikisha okidi chotara za dunia nzima. Lakini ofisi ile haiandiki ua lisilojulikana baba. Anaandikwa mama kwanza, kisha baba, ndiyo desturi. Nafasi moja ikiwa tupu, hakuna jina.

"Weka Leopold basi," nikasema kwa sauti ndogo. "Nani atajua?"

Mwanangu, yule mama hakunipiga, wala hakupandisha sauti. Alisema hivi: "Sauda nilimzaa na mume wangu. Mtu akimwandikia baba mwingine kwa sababu karatasi ina nafasi, amemfanyia mwanangu nini?" Kisha akaenda kutawadha.

Nililia mpaka kichwa kikauma. Halafu, unajua ujana ulivyo, machozi yakiisha tumaini linaanza kuchezacheza. Nikakumbuka rangi. Uzi wa chungu kile ulikuwa wa zambarau. Niliukata wa mwisho kwa sababu niliupenda. Nikamfuata Hajati na kumwuliza kama baba wote walikuwa wa bustani yake.

"Siyo wote. Afande Wamimbi alileta chavua za maua yake wiki ile. Alirudi kwake na nyuzi, akazifunge kwa maua aliyotoa chavua."

Afande Wamimbi alikuwa amefanya kazi na baba yangu gerezani, akastaafu, akarudi kwao Mbale na okidi zake. Kesho yake asubuhi nilikuwa barabarani Bugembe natafuta taksi ya kwenda Mbale.

Nyumba yake ilikuwa Malukhu, mtaa mmoja wa Mbale. Nilimkuta anamwagilia, shati la zamani la kazi bado amelipiga pasi.

"Mulembe, Afande," nikamsalimu kwa lugha ya kwao.

"Mulembe. Wewe ni mutoto ya nani?"

Nikamtajia baba. Akacheka, "Yule alikuwa anaogopa chura!" Nilipomwambia kilichonileta, kicheko kikakatika.

"Wewe lichoma nyuzi ya Hajati?"

"Ndiyo, Afande."

"Yote?"

"Yote."

"Kwa magereza ningekupa wiki mbili ya kufyeka majani." Akatua debe la maji. "Kuja. Mimi hapana gusa kitu ya Hajati. Aliniambia funga, nikafunga. Hakuna mutu alisema fungua."

Maua yake yalikuwa matatu ukutani. La kwanza lilikuwa na uzi mweusi. La pili wa kahawia. La tatu, Mwanangu, nililazimika kupangusa tope kwa kidole, kwa sababu lilikuwa limeng'ang'ania shinani. Zambarau. Lebo yake ya bati ilikuwa imechongwa kwa msumari: Surabaya.

Nilimrukia Afande nikamkumbatia, mzee wa watu akabaki amenyoosha mikono kama mtu aliyekamatwa. Nikamwomba uzi ule. Akalifungua fundo mwenyewe.

"Chukua," akasema. "Lakini nusu irudi."

Jinja nikawasha mashine, Hajati kando yangu kwenye mkeka. Nikaandika Surabaya. Ukoo ukaanza kushuka, nami nikamsomea: bibi yake huyu, babu yake yule, mpaka kwa ua moja la pori la Timor, na lingine la Nyugini, visiwa vya mbali mashariki.

"Subiri," akasema. "Mtoto wangu mzuri hivi, baba yake Sura Mbaya?" Akacheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio. "Na ukoo mkubwa kuliko Wasoga wote wa Bugembe!"

Kisha nikauliza programu: Rosalina na Surabaya wamewahi kuzaa mtoto gani? Mashine ikafikiri, ikawaka. Hakuna. Nikauliza tena kwa uangalifu. Hakuna. Yaani dunia nzima hakuna mtu aliyewahi kuandikisha mtoto wa wawili hawa. Nafasi ile ilikuwa wazi, inamsubiri Sauda. Nilijaza fomu kwa mkono wangu, mama kwanza, kisha baba, na sijawahi kuandika maneno mawili kwa fahari kama yale. Baada ya miezi mingi disketi mpya zilipokuja, nilimwita Hajati, nikaandika "Sauda", naye akatokea kwenye kioo na wazazi wake wawili. Hajati aliweka kiganja juu ya kioo, akakaa hivyo mpaka mashine ikapata joto.

Basi, Mwanangu unayeanza kazi leo na mashine zenye akili kuliko yangu ile, sikiliza. Mashine inajua ilichoambiwa. Kilichofanyika bustanini anakijua yule aliyekuwepo. Ukifika mahali hujui, acha wazi, uone aibu kidogo, uende ukaulize. Aibu hiyo haiui, na safari ya kwenda kuuliza huenda ikawa safari tamu kuliko zote utakazofanya. Na kabla hujafagia kitu cha mkubwa wako, mwulize kwanza alikiweka cha nini. Mungu akupe mkono mwepesi wa kuandika na mzito wa kukata. Akupe mtu wa kukuuliza ulikitoa wapi. Na siku moja jina la umpendaye alitokeze mbele yako, kamili.

Nimebakiza jambo moja ambalo sikumwambia Hajati. Jioni ile niliyotoka Mbale, alipokwenda kuswali, nilikwenda peke yangu kwenye chungu kile. Nilikwaruza jina la Leopold kwa wembe mpaka lebo ikawa tupu. Nikatoa uzi wa zambarau mfukoni, nikachukua mkasi uleule. Kach, mara moja. Nusu nikaifunga shinani, mafundo mawili, kama afungavyo yeye. Nusu nikaikunja ndani ya karatasi, nikaandika juu yake: Malukhu.