Mwanangu Alimwitikia Bibi Yake "Marahaba"

Mwenye ukurasa, jina langu lifiche, maana mtaa wetu hauna siri na mume wangu anajua kusoma.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na minne, nakaa Ng'ambo na mume wangu, mchukuzi wa bandarini. Mtoto wetu ni mmoja tu, wa kiume, alizaliwa mwaka uliofuata Mapinduzi na sasa ana miaka mitano. Hasemi. Ukimwita haitiki naam wala hageuki, lakini si kiziwi, kwani nikivunja nazi uani huja mbio kuchukua kifuu. Hukigonga sakafuni asubuhi mpaka jioni, hamtazami mtu.

Mavyaa wangu, yaani mama yake mume wangu, anakaa shamba, kaskazini. Anasema mtoto kakaliwa na shetani, na dawa ni kumpeleka kwa mganga wa kwao, aachwe huko mpaka ulimi ufunguke. Huyo mganga namjua. Nilifika kwake mara moja, nikaona mtoto wa watu amefungwa kamba mguuni kwenye nguzo, analia na hakuna anayemsikiliza.

Mume wangu akanipa nafasi moja. "Mama akija Sikukuu, mtoto amwamkie. Akimwamkia, hendi popote."

Nikaanza kumfunza. Tizama mama anavyofanya, tizama mama. Wapi! Nilikuwa nasema na ukuta. Siku moja, kwa hasira tu, nikachukua kifuu cha pili, nikakaa chini, nikagonga kama anavyogonga yeye. Akaacha kugonga. Akanitazama usoni, na sikumbuki kama aliwahi kunitazama vile. Nikagonga haraka, naye haraka. Nikagonga polepole, naye polepole. Nililia pale pale, sikuona haya.

Kutoka vifuu tukaingia makofi, kisha kuamkia. Nyumbani hakuna mtoto mwingine wa kumwonyesha, basi mtoto nikawa mimi. Nikipiga magoti mbele yake, nikiuchukua mkono wake, nikiubusu, "Shikamoo," halafu nikijiitikia mwenyewe, "Marahaba." Ikafika hadi akawa ananyoosha mkono kabla sijapiga magoti. Nikafurahi, mjinga mimi.

Sikukuu ikafika. Mavyaa akaingia na buibui lake, akakaa kitandani. Nikamsogeza mwanangu. Akasimama mbele ya bibi yake, akanyoosha mkono mpaka karibu na mdomo wa bibi, akangoja. Kisha akalitoa neno lake la kwanza tangu azaliwe, wazi kabisa:

"Marahaba."

Nilitaka kupiga kigelegele. Mavyaa alikuwa keshainuka.

"Miye nikiamkie kitoto hichi? Huyo aliyesema si mjukuu wangu, ni huyo aliyemkalia. Mpunga ukishavunwa nnakuja kumchukua."

"Mama, kasema," nikamwambia. "Hamkumsikia? Mwanangu kasema."

Mume wangu hakuinua uso. "Ulikuwa umfunze adabu," akaniambia, "wewe umemfunza ukubwa."

Nimeshika mimba, nimezaa, nimelea, na neno moja nililolipata limegeuka tusi. Inaniuma sana.

Tangu hapo najaribu kumgeuza. Nikamnyooshea mimi mkono wangu aubusu. Akautazama, akarudi nyuma, na siku ile hata kifuu hakukigusa. Nikaogopa. Nikapiga magoti tena kama zamani, nikaubusu mkono wake, na neno likarudi.

Sasa nikimlazimisha, namrudisha kwenye ububu. Nikimwacha na neno lake, ndilo litakalompeleka kwenye ile nguzo. Mama yangu yuko Mji Mkongwe, naweza kukimbilia kwake, lakini najua talaka itanifuata huko huko, na mtoto ni wa baba.

Wasomaji wenzangu, hasa nyinyi mliolea, nishaurini, nifanye nini? Mnijibu upesi. Shamba washaanza kuvuna, na mwanangu hujifunza polepole.