Yangeyange wa Jumamosi

Niungame mapema tusije tukasumbuana: nilizungusha kigurudumu kwenye kamera ya mjomba, nikasahau kukirudisha. Basi. Sikuiba, sikuvunja, sikuangusha. Kigurudumu chenyewe kina ukubwa wa kifungo cha koti, na mimi nilikuwa na miaka kumi na akili ya kutosha kukariri sala zote za Komunyo, lakini si ya kurudisha kitu nilipokikuta.

Kilichonirudisha huko ni harufu. Mwezi uliopita kondakta wa basi la Muleba alinikabidhi mfuko wa nailoni, na nilipoufungua nyumbani ikatoka harufu ya ngozi iliyolala miaka mingi karibu na magunia ya kahawa. Nikajua kabla sijaona. Ilikuwa kamera ya Mjomba Projesti, kaka yake mama, ndani ya mkoba wake ule ule. Kwenye simu alikuwa ameniandikia: "Macho yamechoka, Koku. Ikae kwako, wewe si mtu wa kutoka." Kweli kabisa. Mimi nikitoka Hamugembe nikafika sokoni na kurudi, siku hiyo najihesabu msafiri.

Enzi hizo tuliishi Ijuganyondo, na mjomba alikuwa mpiga picha wa kuzunguka. Jumamosi harusi, Jumapili kanisani, siku za kati anawapiga watu picha za vitambulisho mbele ya shuka la bluu. Nyuma ya kibanja chetu cha migomba ilianza rweya, uwanda wa nyasi walikochungwa ng'ombe, na ng'ombe walifuatwa na yangeyange. Jua likianza kulegea, ndege wale waliinuka na kuvuka juu ya migomba, weupe juu ya kijani kinachokaribia kuwa cheusi. Nilitamani kumkamata mmoja hewani kuliko nilivyotamani gauni la Komunyo.

Mjomba alishajaribu. Alinionyesha picha yenye migomba mizuri kabisa, na juu yake kitu kama karatasi iliyopeperushwa.

"Unyoya uko wapi?" nikamuuliza.

"Umeungua. Hii sindano ya kamera inayopima mwanga haina akili, Koku. Migomba ni mingi na ina giza, ndege ni mmoja. Sindano inasikiliza walio wengi, inataka mwanga zaidi, ndege anaungua."

"Sasa unafanyaje?"

"Unaidanganya. Unazungusha hapa, unaiambia kwamba filamu ni ya mia nne, ile inayonasa mwanga upesi, wakati ni ya mia. Inabana mwanga. Migomba itazama gizani, lakini manyoya utayahesabu. Ila ukimaliza unarudisha. Usiporudisha, watu wote watakuwa migomba."

Mama, aliyekuwa amelala mkekani akiota jua, alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa mgonjwa. Nyumbani ugonjwa haukutajwa jina. Ilisemwa tu kwamba amechoka. Miezi mitatu hakuwa amevuka uzio, lakini aliapa kwamba siku ya Komunyo yangu atafika kanisani kwa miguu yake, apigwe picha na mimi. Picha yake ya harusi ilikuwa imeliwa na mchwa. Nyingine hakuwa nayo.

"Waitu Projesti," akamsihi, "mimi nataka uso uonekane. Usije ukanifanya kama huyo ndege wako."

Jumamosi mjomba aliiacha kamera kitandani, akaenda kuongea na katekista. Nikaichukua. Nilikwenda hadi ukingoni mwa rweya, nikazungusha kigurudumu kutoka mia hadi mia nne, nikasubiri. Yangeyange mmoja alijitenga na wenzake, akaja akipiga mbawa polepole kama mtu anayekunguta shuka. Nikamfuata na kamera, mwili mzima ukigeuka naye, na alipofika mbele ya migomba nikabonyeza. Papo hapo mama akaita kutoka nyumbani, nije nijaribu gauni. Nikakimbia. Kamera ilirudi kitandani. Kigurudumu hakikurudi.

Kesho yake mama alifika kanisani. Alivaa gomesi ya zambarau iliyomzidi sasa, akaweka mkono begani kwangu, na mkono haukuwa na uzito wowote. Mjomba alitazama sindano, akapiga mara tatu. Kigurudumu hakukitazama, filamu yake ilikuwa ya mia miaka yote, kwa nini akitazame? Kisha akawapiga watoto wengine wote na wazazi wao.

Mama alifariki kabla picha hazijarudi. Mjomba alizileta siku ya mazishi, kwa sababu ilitakiwa picha ya kutangulia mbele ya jeneza. Nilimchungulia chini ya kwapa alipokuwa akifungua bahasha. Gauni langu lilitoka vizuri ajabu, ungeweza kuhesabu nyuzi za lesi. Juu ya gauni hapakuwa na sura yangu, na pembeni palikuwa na giza refu lenye umbo la gomesi. Mama alikuwa mgomba.

Nilielewa saa ile ile. Nakumbuka niliangalia viatu vyangu vyeupe, na kwamba kimoja kilikuwa na udongo, na kwamba jambo hilo lilionekana kuwa la maana.

"Filamu ilikuwa mbovu," mjomba akawaambia watu. "Kosa ni langu, sikuikagua."

"Dada yako wa tumbo moja!" shangazi mmoja akamjibu. "Umempiga kama kivuli cha jamvi!"

Jeneza lilitanguliwa na msalaba mtupu. Watu wa parokia nao walipopata picha zao hawakumwita tena. Mwaka haukwisha, alirudi Muleba akalima kahawa. Mimi nilikua nikishukuru kwamba hakujua. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na nililala vizuri tu.

Sasa mwezi uliopita, nikifuta ukungu ndani ya ule mkoba, kidole kiligusa kitu chini ya kitambaa cha ndani. Picha. Yangeyange yuko hewani, mbawa zimefunguka, kila unyoya uko mahali pake, nyuma yake giza tupu. Mgongoni mwa picha, kwa penseli ya mjomba: "Weupe umekaa vizuri. Koku, Jumamosi."

Ilikuwa katika bahasha ile ile. Aliitoa kabla ya kuja msibani. Alisimama mbele ya watu wale wote akiwa anajua, na picha iko mfukoni mwake.

Nilidhani nitalia. Nikaosha vyombo. Siku ya pili nikapigilia msumari sebuleni, nikaitundika.

Juzi jirani yangu Mama Shakila alikuja kuazima ungo, akaisifu, nami, sijui kwa nini, nikamsimulia yote kama nilivyowasimulia ninyi. Alinisikiliza amekumbatia ungo. Nilipomaliza hakunipa pole. Alisema hivi:

"Mjomba wako yu hai, mabasi ya Muleba yanaondoka kila siku, na wewe umekaa hapa unaniungamia mimi?"