Kamba za Bi Uzi

Bi Uzi hakuwahi kuona mtu akija na daftari halafu akaondoka mikono mitupu. Kwa hiyo siku mhadhiri wa chuo kikuu alipomletea binti mmoja mwanafunzi, akaeleza kwamba somo lao linawataka wafanye kazi mtaani wiki sita, bure, kisha waandike walichojifunza, alimkagua yule binti kuanzia viatu hadi nywele.

"Bure? Nani siku hizi anafanya kazi bure?"

"Napata maksi, mama," alijibu binti.

"Ahaa." Angalau hapo palikuwa na ukweli.

Alimkalisha karibu na mlango wa duka lake la ushonaji, aonekane vizuri. Kwenye cherehani ya pili alikuwepo mkwewe, mke wa mwanawe, naye Bi Uzi hakumwamini hata kidogo. Aliamini anasubiri tu mama mkwe ateleze ili duka liwe lake, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Ndiyo maana kwa miaka ishirini na mitano alificha kwamba hajui kusoma wala kuandika. Vipimo aliviweka kwenye kamba. Kila mteja na yake: fundo la bega, la kifua, la kiuno, la urefu, na juu kabisa kipande cha kitambaa cha nguo yake ya kwanza. "Karatasi hupotea," aliwaambia waliouliza.

Wiki ya pili alikwenda kumtazama dada yake hospitalini. Aliporudi, kamba zote zilikuwa kwenye kikapu, zimenyooshwa, hazina fundo hata moja.

"Nimekupangia, mama!" Binti alimpa daftari jipya kwa mikono miwili. "Nimepima kila kamba, vipimo vyote vimo humu, kila kimoja kwa kitambaa chake. Mafundo nimeyafungua, kamba zitumike tena."

Papo hapo mkwe akasimamisha cherehani. "Mama, kiuno cha yule bwana harusi ni ngapi? Nataka kukata."

Bi Uzi alilifungua daftari, akalifunga. "Kalete uzi mweusi kwanza."

"Mweusi si upo?"

"Mweusi ule mwingine!"

Mkwe alipotoka, Bi Uzi akafunga mlango. Alikuwa na hasira, lakini aibu ilizidi. "Umeniua, mwanangu. Mimi sisomi. Wewe soma, mimi nifunge. Anza na bwana harusi."

Binti akasoma. Bahati nzuri vitambaa hakuwa amevibandua, hivyo kila kamba ilijulikana ni ya nani. Kamba ya bwana harusi ilikuwa msumarini mkwe aliporudi. Zilizobaki zilichukua siku nne, na mkwe hakuwahi kutumwa dukani mara nyingi kama siku hizo.

Wiki ya sita binti alileta ripoti ili mwenyeji atie sahihi. Bi Uzi alikuwa na mkwaruzo wake wa sahihi, aliojifunza zamani kwa ajili ya kupokelea mizigo.

"Nisomee kwanza. Yote."

Binti alisoma: kwamba alikuja kusaidia akaharibu, kwamba alifundishwa kupima kwa kamba, kwamba fundi huyu hakosei fundo.

"Na lile jambo langu?" Bi Uzi alinong'ona.

"Jambo gani, mama?"

Bi Uzi alimkazia macho. Huenda lilikuwa limo humo, mstari wa tatu au wa kumi, na binti ameuruka. Njia ya kuhakikisha ilikuwa moja tu, kumpa mkwe asome, na mkwe alikuwa pale pale, amenyamazisha cherehani, shingo kaiinua.

Akaichukua kalamu. Ilimbidi amwamini mtu mwenye daftari, na hakufurahi hata kidogo.