Klachi Aliyoichagua Maximilian

Asubuhi ile Vestina aliamka wa kwanza kama siku zote, akachemsha viazi vitamu, akavimwaga kwenye ungo vipoe. Telesfori mumewe alikuwa kwenye kigoda, anabandua tope kwenye jembe. Mvua ilinyesha usiku kucha. Mwaka ule wa El Nino, mtaa mzima wa Nsemulwa ulikuwa tope tupu.

"Baba Arcade, jembe hilo unalisafisha au unalibembeleza?"

"Wewe nenda dukani kwako."

"Naenda. Chumvi imeisha, jioni nitakuja nayo."

Akafunga kitenge, akachukua funguo. Telesfori akatia viazi viwili mfukoni, akashika njia ya shambani Kabungu.

Mchana watu wakamfuata shambani. Vestina alikuwa ameanguka nyuma ya meza ya duka. Presha, walisema. Kesho yake akafa.

Siku ya kuzika, katekista Ponsian akasema yale yanayosemwa kila msiba: kama kuna mtu anamdai marehemu, au kuna ambaye marehemu alikuwa akimdai, aonane na familia. Mtu mwenye adabu husubiri, halafu anawaita wenye msiba pembeni. Maximilian hakusubiri. Akavua miwani yake ya jua, akanyoosha mkono kaburini pale.

"Mimi naomba nisemee hapahapa," akasema. "Wote mnajua habari ya ile klachi aliyoniuzia mama yetu, ikaniharibia gari. Mimi simdai kitu. Nimemsamehe kabisa. Apumzike."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Mama mmoja akasema, "Ana moyo, huyu."

Telesfori alikuwa ameshika udongo. Akautupa kaburini kwa hasira, halafu akaona haya, maana aliyetupiwa siye aliyemkasirisha.

Amemsamehe! Amemsamehe nini?

Vestina alitoka Burundi na Telesfori mwaka sabini na mbili, mtoto wao Arcade mgongoni. Wakalima kwenye makazi ya Katumba na wakimbizi wenzao, baadaye wakahamia mjini. Alianza kwa kuuza uji kwa mafundi wa magari. Fundi asiye na hela ya uji alimwachia nati, bolti, beringi iliyobaki. Vestina akaviosha kwa mafuta ya taa, akavipanga kwenye gunia pembeni ya sufuria. Watu wakawa wanafuata bolti kuliko uji. Mwisho sufuria ikarudi nyumbani, gunia likawa duka la spea la mabati pale Majengo, springi zinaning'inia darini kama samaki wa kukausha. Kusoma hakujua. Spea iliyokaa sana ikapoteza nguvu hakuiuza. Alimwonyesha mteja duka la jirani, akampa na salamu za kumpelekea mwenye duka. Huyo ndiye wa kusamehewa?

Maximilian alikuwa mnunuzi wa dhahabu ya wachimbaji. Gari lake lilikuja kwa treni, juu ya behewa la wazi, na mji ukaenda stesheni kulitazama. Jekundu, chini kama kobe, lina turbo ya kuiongezea injini nguvu. Alilinunua kwa Singasinga mmoja wa Mwanza aliyekuwa akikimbia nalo mashindano. Hapa kwetu malori yenyewe yanapiga magoti kwenye tope, yeye analeta gari la mashindano. Haya, ni lake.

Haukupita muda klachi ikaanza kuteleza. Injini inalia, gari haliendi. Akamwomba Vestina amtafutie klachi yenye nguvu zaidi. Vestina akaagiza Dar, zikaja mbili. Siku Maximilian alipokuja kuchagua, Telesfori alikuwamo dukani, ameleta karanga. Alikuwamo pia fundi Manyanda, Msukuma mwenye maneno mengi, ambaye ndiye angeifunga.

Klachi zikawekwa mezani. Ya kwanza pleti yake ilikuwa ya kawaida, ina springi katikati, ila ule mfuniko wa kuibana ulikuwa mgumu kuliko uliokuja na gari. Ya pili ilikuwa na vipande vya shaba, na katikati haina springi hata moja.

Maximilian akaidaka ya shaba. "Hii ndiyo yenyewe! Hii ya mashindano."

"Unashindana na nani?" Vestina akauliza.

"Na ng'ombe wa Machibya kule Sitalike," Manyanda akasema.

"Nyie chekeni. Turbo siyo baiskeli."

"Mwanangu, nisikilize," Vestina akasema. "Hii ya shaba haina nusu. Ama imeshika, ama imeachia. Ni ya mtu anayeondoka kwa kishindo, akafika, akashuka. Wewe njia yako ni tope la Sitalike, ng'ombe mbele yako, lori limelala katikati. Utakwenda nusu klachi kutwa, unakanyaga, unaachia. Gari litakurusha, na bila springi mshtuko wote unaingia kwenye giaboksi. Chukua hii nyingine. Mfuniko wake ni mgumu, turbo yako haitaushinda."

"Mama, hiyo si ya gari la mke wangu?"

"Mke wako ana gari?" Manyanda akauliza.

Maximilian hakupenda kuchekwa. "Mama, unauza au unahubiri? Nipe ya shaba."

Vestina akampa neno lake la mwisho. Manyanda akashika tumbo kwa kucheka. Maximilian akaikwapua ya shaba, akaondoka.

Manyanda akaifunga. Maximilian akatamba nayo mjini, gari likiruka kama chura kila akiondoka. Halafu akaenda Sitalike, mvua imenyesha, kundi la ng'ombe barabarani. Akakanyaga, akaachia, akakanyaga, akaachia. Giaboksi ikapasuka. Machibya mwenyewe, mfugaji wa huko, ndiye aliyefunga maksai wake wakalitoa gari kwenye tope, na watu wakaona.

Aibu ya kuvutwa na ng'ombe ilikuwa kubwa, Maximilian akaitafutia mtu wa kuibeba. Akaenda baa, akaenda sokoni, akaenda mpaka kanisani: Mama Arcade kaniuzia klachi mbovu. Wenye malori wakaanza kulipita duka. Vestina hakumfuata mtu kubishana. Ila tangu siku hiyo alikaa ndani zaidi, nyuma ya meza, siyo mlangoni pake pa zamani. Telesfori aliliona hilo. Na sasa mtu huyohuyo anasimama kaburini anamsamehe!

Kesho yake baada ya mazishi Telesfori akaenda kwa Maximilian.

"Karibu mzee, pole sana. Kaa."

"Sikai. Nimekuja kukurudishia msamaha wako."

"Mzee, msamaha haurudishwi."

"Unarudishwa. Uliutoa mbele ya watu, uuchukue mbele ya watu."

"Mimi nimesema neno jema msibani."

"Kumsamehe mtu ni kusema amekosa. Mke wangu alikosa nini?"

Maximilian akatazama saa yake. "Una uchungu, mzee. Nenda kapumzike."

Ponsian naye akaja kumtuliza. "Mzee Telesfori, sisi Wakristo mtu akisamehe tunashukuru."

"Nikisimama Jumapili nikasema nimekusamehe kwa kuiba sadaka, utashukuru?"

Ponsian akanywa maji yake, akaaga.

Siku ya kuondoa tanga ikafika. Telesfori akakataa. Akasema halitaondolewa mpaka msamaha ule uondoke kwanza. Ndugu waliotoka Katumba wakatazamana. Walikuwa wamelala chini kwenye mikeka siku zote hizo, na mashamba yanawangoja.

"Shemeji," akasema Séverine, mdogo wake Vestina, "maharage yangu yanamezwa na majani."

"Nenda kapalilie."

"Nitaendaje tanga halijaondolewa?"

"Basi halijaondolewa."

Séverine akamtazama sana. Alikuwa tumbo moja na Vestina. "Huyo mtu anakaa wapi?"

"Majengo, nyumba ya bluu."

Séverine akakunja mkeka wake, akautia kwapani. "Kama tanga ni lake, tukalilale kwake."

Wanawake wote wakamfuata. Wakatandika mikeka barazani kwa Maximilian, wakaanza nyimbo za msiba. Telesfori akakaa kwenye ngazi, fimbo katikati ya magoti. Wachimbaji walioleta dhahabu walifika, wakavua kofia, wakatoa pole, wakageuza.

"Kafa nani humu?" mmoja aliuliza.

"Muulize mwenye nyumba," Séverine akamjibu.

Mwenye nyumba akachungulia dirishani, akafunga pazia. Kesho yake wanawake wakawasha moto uani kwake wakapika ugali. Watu wa Majengo wakajaa, Manyanda akiwa mbele, mikono kifuani. Jioni Maximilian akatoka.

"Mzee, unanitia mkosi nyumbani kwangu. Mnataka nini?"

"Unajua."

"Haya. Msamaha nauondoa. Mmefurahi?"

"Sema kwa nini unauondoa."

Maximilian akamtazama Manyanda. Manyanda hakucheka safari hii.

"Kwa sababu hakuna kosa," Maximilian akasema taratibu.

"Sauti. Uliposamehe ulikuwa nayo."

"Hakuna kosa! Ile ya shaba niliitaka mimi. Mama alinikataza. Basi?"

Wanawake wakashusha pumzi. Séverine akaanza kukusanya mikeka. Telesfori akainua fimbo kidogo, akasimama.

"Bado. Alikuambia nini mwisho, wakati unaichukua?"

"Mzee, si nimeshakubali?"

"Waliokuwa kaburini wako hapa. Walisikia maneno yako, wasikie na yake. Na usiyapambe. Yaleyale."

Maximilian akawageukia watu.

"Alisema: 'Chukua, mwanangu. Ila ikivunja giaboksi, ukalie kwa mama yako, usije ukalia dukani kwangu.'"