Mlipuaji Aliyekwenda Kutazama Matumbawe

Wazungu wawili waliteremka kwenye basi lile lile nililoteremka mimi, wamebeba mabegi makubwa ya mgongoni kama langu, ila langu lilikuwa jipya zaidi. Mwenye bodaboda akawauliza wao watakaa siku ngapi. Mimi akaniuliza nimemletea nani mzigo.

Nikamwambia sijamletea mtu mzigo, nimekuja kutembea, mimi ni mtalii.

"Msukuma mtalii," akawaambia wenzake, ameegemea pikipiki kwa kicheko. "Mwaka huu tutaona mengi."

Lafudhi ndiyo iliyomwambia kabila langu, na siionei haya. Nimezaliwa Didia, baba yangu mfugaji, na hakuna mjomba aliyenishika mkono kunipeleka popote. Nimesukuma mkokoteni wa maji, nimebeba viroba vya mawe, nimejilipia diploma ya uchimbaji mwenyewe, kisha nikaenda kufanya kazi chini ya ardhi kusini huko, nchi za watu, na nikarudi. Wengi waliokwenda hawakurudi na kitu. Mimi nimerudi na cheti cha mlipuaji na nyumba ya vigae ambayo watu wa Didia wanaitumia kuelekezana njia. Ukanda wote wa Geita, mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, akikutana na mwamba uliomshinda, ananipigia simu mimi. Nikifika, mtu anasimama kunipisha kiti.

Kwa hiyo nilipokwenda mji ule mdogo wa pwani, nilikwenda kwa jasho langu, na nilikuwa na shida moja tu. Kule ughaibuni nilifanya kazi na mtu wa pwani aliyeniambia kwamba matumbawe ni mawe yaliyo hai, yanazaliwa na yanakua. Nimevunja mawe maisha yangu yote. Nilitaka kuliona jiwe lililo hai kwa macho yangu, basi.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mkulima wa mwani, mjane, mwenye vyumba vitatu nyuma ya nyumba yake. Jioni ile tulikula barazani: mimi, wale Wazungu, na nahodha wa boti ya kupeleka wageni kwenye mwamba wa matumbawe. Nahodha alikuwa mtu wa maneno.

"Mwangaluka, Msukuma," akanisalimia kwa kilugha chetu, na jua linazama. Salamu ile ni ya asubuhi. "Bahari hii si lambo la kunyweshea ng'ombe. Utaweza?"

"Nimeshuka chini kuliko bahari yako," nikamwambia.

Watu wakacheka, hata yeye. Mama akaniuliza kazi yangu ni nini hasa. Nikaeleza yote kwa kituo, maana sikuona sababu ya kujificha: diploma, nchi nilizofanya kazi, cheti, na kwamba kwetu hakuna anayefahamu baruti kunizidi. Nilingoja waulize maswali, kama watu wanavyouliza kwetu. Hakuna aliyeuliza. Nahodha aliweka kikombe chini, akavaa kandambili zake, akaondoka bila kuaga.

Asubuhi nilifika ufukweni na miwani yangu ya kuzamia. Wazungu walikuwa wameshakaa botini.

"Boti imejaa," nahodha akasema.

"Benchi lote lile la nyuma halina mtu."

"Limejaa, kaka. Nenda kwenu ukalipue milima."

Akawasha injini mbele ya macho yangu. Nilisimama na miwani mkononi kama mtoto aliyeachwa sokoni, na hasira niliyokuwa nayo siku ile bado ninayo ninapoandika. Katika nchi yangu mwenyewe, mgeni wa kutoka Ulaya anapandishwa, mimi ninaachwa mchangani, na kosa langu ni kwamba nimesoma.

Nilikuwa narudi kwa mama nilipofuatwa na mwanamume mmoja mpole, mwenye kanzu safi, akaniamkia shikamoo ingawa alinizidi umri. Akaniita mtaalamu. Nikiri, lilinipendeza. Alinipeleka nyuma ya banda la barafu, akafungua mfuko wa mkate, na ndani yake mlikuwa na kijiti cha baruti.

Nilikijua kabla hajakitoa chote. Karatasi ile, nta ile, alama ile ya pembeni. Vijiti vya namna ile ninavipokea stoo kwa mikono yangu, kwenye maduara yetu.

"Hivi vinatoka kwenu," akasema kwa upole ule ule. "Cha mwisho kililowa, kikagoma. Vijana wangu hawajui vizuri. Samaki wako pale kwenye mwamba, ni wa kuokota tu. Wewe tuelekeze, hata leo."

Ndipo nilipoelewa kwa nini nahodha aliweka kikombe chini. Pale mjini, mtu anayejivunia baruti ni mtu anayeua bahari, na mimi nilikuwa nimejitangaza barazani na chakula mdomoni. Nilimtukana yule bwana kwa Kisukuma, kwa sababu Kiswahili hakina matusi yanayotosha. Nikampokonya ule mfuko, naye hakuthubutu kuuvuta, nikaenda nao taratibu hadi kwenye kibanda cha kamati ya kulinda bahari.

Nilitarajia asante. Wazee watatu wa kamati waliangalia mfuko, wakaniangalia mimi, na mmoja akauliza, "Umeviingiza vingapi?"

Nikawatajia sura na kanzu ya mwenye mfuko. Wakatazamana, alikuwa mtu wao, na mimi nilikuwa Msukuma. Wakaagiza begi langu liletwe. Wakalimwaga mezani: mashati, suruali za ndani, dawa ya meno, na kivuli cha cheti changu nilichokitia plastiki, kwa maana sisafiri bila cheti. Mzee akakisoma kwa sauti hadi kwenye neno milipuko, akawaonyesha wenzake kwa kidole. Nahodha alikuwa amesharudi, amesimama mlangoni. Mabegi ya Wazungu yalikuwa chumbani kwao, hayajaguswa.

Ni mama mwenye nyumba aliyeniokoa. Alikuja na mikono imejaa mchanga wa shambani kwake.

"Ninyi wazee wangu," akasema, "mwizi gani anatembea na picha yake? Huyu amekuja na cheti, amekitia na plastiki. Anajisifu tu, baba wa watu. Kujisifu hakulipui samaki."

Kibanda kizima kikacheka. Nilisalimika, lakini kwa kuchekwa, na sijamsamehe hata mmoja wao.

Nahodha hakuomba radhi. Alisema tu, "Panda," na safari hii tulikuwa wawili.

Mwamba uko karibu kuliko nilivyodhani. Nilitia uso majini, na mtu yule wa ughaibuni hakunidanganya. Mawe yalikuwa na rangi ya zambarau na ya manjano, mengine yamekunjamana kama ubongo, mengine yametanuka kama pembe za ng'ombe wa baba, na samaki wanaingia na kutoka kama watu kwenye nyumba zao.

Kisha nahodha akanivuta mguu, akaashiria upande wa pili. Huko kulikuwa na mashimo ya mviringo, na kila shimo limezungukwa na kokoto za kijivu. Hakuna samaki. Kokoto tupu, kama kifusi mdomoni mwa duara. Hakuna aliyehitaji kunieleza nilichokuwa ninakiona. Kazi ile ninaifahamu, na nilijua imefanywa na vitu vya stoo gani.

Tulipopanda botini nahodha alisema, "Haya, Msukuma. Umeona."

Nilivua miwani, nikaikung'uta maji.

Nimerudi Geita na kazi yangu ni ile ile, ila sasa kijiti kisichotumika hakibaki shimoni. Kinarudi stoo mimi nikitazama, na vijana wanalalamika nawachelewesha. Mwezi uliopita mwenye duara mmoja, mtu niliyemheshimu, aliniomba niviache vijiti vitakavyobaki, kuna rafiki yake atavipitia.

"Rafiki wa wapi?"

"Wa pwani. Bahari ni yako, mtaalamu?"

Nikakunja nyaya zangu, nikaweka kofia yangu kwenye begi, nikaondoka mwamba wake ukiwa haujavunjwa. Nasikia amepata mlipuaji mwingine. Hana cheti.