Saa Mbili Tu

Shule niliishia darasa la pili, la tatu lilinikuta nimeshaolewa. Lakini kwetu, milimani juu ya Gonja, enzi zile za Mwingereza darasa la pili lilitosha kukufanya msomaji wa barua wa ukoo mzima. Hata wakwe walileta zao, na wengine walianza kulia kabla sijafungua bahasha. Hayo tuyaache.

Kaka yangu alikuwa mpishi wa mzungu mmoja Nairobi. Aliondoka nyumbani bila kuaga, akamwacha baba na mfereji wa kumwagilia migomba umechimbwa nusu. Tangu hapo baba hakumtaja jina. Akisema "yule", tulijua ni nani. Ikaja barua, nikaitwa toka kwa mume wangu, nyumba ya jirani, niisome.

"Soma tena," baba akasema.

Nikasoma: "Toka Nairobi mpaka Dar es Salaam ni maili mia nne, na kwa ndege ni saa mbili. Bwana wangu anahamia huko. Jumamosi tutapita juu yenu, nitawatazama."

"Saa mbili ya asubuhi?"

"Asubuhi, baba. Usiku ataona nini?"

Mama akacheka. "Mzee, unataka kumpungia yule?"

"Nitamfukizia moshi. Ajue sina kinyongo naye tena."

"Si nimwandikie?" nikauliza.

"Kwenye barua anasema anayeiandika. Moshi ni wangu."

Jumamosi alfajiri akakata majani mabichi ya migomba, akayarundika juu ya moto uani. Moshi ukapanda mzito, mweupe, tukakohoa wote mpaka mbuzi. Saa mbili ikafika kwa kukisia jua, maana saa ya mkono hatukuwa nayo. Hatukuona kitu. Baba akaongeza majani, akaongeza tena, mpaka akawa anakata migomba yenye mikungu.

"Kapita mbali," baba akasema mwishowe. Akaingia ndani, akajifunika blanketi mpaka usoni.

Jua lilikuwa karibu utosini niliposikia muungurumo. Nikatoka mbio. Kidude kinang'aa, kinaelekea Usambara. Nikapiga magoti kwenye jivu, nikapuliza, nikapuliza. Hata cheche.

"Ni nini hicho?" baba akauliza toka ndani.

"Lori, baba."

Jioni niliisoma ile barua peke yangu, polepole. Neno "tu" lilikuwepo tangu mwanzo, mimi niliona halina kazi nikaliruka. Saa mbili zilikuwa za njiani, kama tunavyosema kwenda Same kwa miguu ni saa kadhaa. Ndege ya saa ngapi, kaka hakuandika. Nilimwambia mama. Baba nilimwogopa, na zaidi ya kumwogopa, nilimwonea huruma.

Baada ya majuma matatu ikaja nyingine, kutoka Dar es Salaam. Baba akakaa karibu mno, kana kwamba naye anasoma.

"Nilitafuta kwetu sikupatambua," nikasoma. "Niliona mioshi mingi, watu wanachoma mashamba. Nikaipungia yote."

"Yote?"

"Ndivyo alivyoandika, baba. Yote."

Akaipapasa ile karatasi kwa kidole.

"Basi na wangu," akasema. Kisha akamtaja kaka kwa jina lake, mara ya kwanza tangu aondoke. "Mwandikie aje. Mfereji wake unamngoja."

Nikaandika. Kuhusu lile lori, baba sikumwambia mpaka tulipomzika, nikamwambia kaburini.