Nyanya Aliyetiwa Jino

Kosa langu la kwanza katika kitabu changu cha kwanza lilikuwa kumtia nyanya yangu jino.

Nyanya ana pengo mbele, juu, upande wa kushoto. Jino hilo lilitoka kabla sijazaliwa, na kila akiulizwa husimulia kisa tofauti: mara aliuma embe bichi, mara alimuuma mwizi mkono, mara lilihama lenyewe kwa kuchoshwa na kelele zake. Akicheka, ulimi huchungulia pale kama mtu anayetaka kujua nani amepiga hodi. Mimi nililiziba pengo hilo kwa penseli, nikatia na kivuli kidogo ili jino lionekane la kweli, nikajiona fundi.

Kilikuwa kitabu cha kuchekesha, cha watoto wa darasa la nne hadi la saba, chenye picha kila ukurasa. Nilitaka kuandika kitabu ambacho mimi mwenyewe ningekipenda katika umri huo, nilipokuwa sina cha kusoma ila vitabu vya shule, ambavyo nilivichora masharubu. Hakuna aliyenifundisha kuchora. Nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu wakati wateja wamepungua katika duka la kupiga chapa na kutoa fotokopi ninakofanya kazi, Likoni, na kwa kuchora nyuma ya karatasi zilizoharibika. Mtu aliyejifunza peke yake ana shida moja: hajui pa kukomea, kwa kuwa hapakuwa na mwalimu wa kumwambia basi. Nilikuwa nikichora jicho, nalifuta. Nalichora tena, nalifuta. Nyumbani kwetu Mtongwe, takataka za raba zilienea kila mahali. Siku moja mama alizikuta kwenye wali, akadhani ni wadudu, akamwaga sufuria nzima. Sikumwambia ukweli. Nilikula mkate na chai pamoja na wenzangu, nikamlaumu mwenye duka la mchele.

Nyanya na mimi ni watani, kama ilivyo kwetu baina ya mjukuu na nyanya yake. Tangu nilipojua kutembea ananiita mume wangu. "Mume wangu, leo waniletea nini?" ndiyo salamu yake nikirudi kazini. Nikiwa sina kitu huwatangazia majirani kwamba ameolewa na gunia. Nami humjibu kwamba nimechoka na mke mwenye pengo, naenda Kisauni kuposa aliye na meno kamili.

"Nenda," husema. "Atakung'ata."

Maneno hayo nikimwambia mama hata robo yake, pa kulala nitapatafuta. Ni ya nyanya na mimi tu. Sikumbuki akinikumbatia wala akiniambia ananipenda. Nakumbuka akinitukana, na nikisikia raha.

Hadithi yangu ilitoka hapo hapo. Mtoto wa miaka kumi anasikia nyanya yake akimwita mume. Anaamini. Anaona ni wajibu wake kulisha nyumba. Anatembeza mabuyu, anayala yote mwenyewe. Anaenda sokoni Kongowea kusukuma mkokoteni, mkokoteni unamsukuma yeye. Kila jioni anarudi mikono mitupu, mdomo mwekundu kwa mabuyu, na mke wake anamngojea mlangoni.

Nilipofika pale mlangoni, niliogopa. Mke aseme nini? Nilijua angesema nini, nilikuwa nikiyasikia kila siku. Lakini kuyasikia uani ni jambo moja na kuyaandika kitabuni ni jambo jingine. Je, mwalimu akikisoma? Je, mzazi akisema kijana huyu amemvunjia heshima mtu mzima mbele ya watoto? Nikaanza kufuta. Nilifuta gunia. Nilifuta Kisauni. Nilifuta mguu ambao nyanya huunyoosha mbele akikaa kwenye mbuzi kukuna nazi, nikamkalisha kitini wima, kanga imemkaa sawasawa, tasbihi mkononi. Mtoto kila aliporudi mikono mitupu, nyanya wa kitabuni alimwambia jambo la hekima kuhusu subira. Uso wake niliurudia hadi karatasi ikawa nyembamba, ukiiinua juu waona taa upande wa pili. Ulipotoka ulikuwa uso safi, hauna doa, na una jino.

Nikatoa nakala chache dukani, nikazibana kwa stepla, nikampa dada yangu mdogo. Yuko darasa la sita na hanionei haya. Jumamosi moja, walipotoka chuo cha Kurani, alikuja na wenzake, wakakaa barazani kwetu na juzuu zao magotini, wakasoma. Nilijifanya narekebisha baiskeli ili niwasikie wakicheka.

Hawakucheka. Walifunua kurasa kwa adabu, vidole vyao vikifuata mistari. Kwenye mkokoteni mmoja alitabasamu kidogo, halafu akafika kwa nyanya na subira yake, akakaza uso. Alipomaliza aligeuza kitabu nyuma, akakitazama, akaniuliza:

"Maswali yako wapi?"

"Maswali gani?"

"Ya kujibu. Si ni ufahamu huu?"

Dada yangu alinitazama, kisha akaangalia miguu yake. Nikasema maswali yatakuja baadaye. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Hilo lingeniuma kwa wiki moja na kwisha. Lililofuata lilikuwa zito zaidi. Nyanya alisikia kwamba yumo kitabuni, akataka kujiona. Alifuta mikono kwenye kanga, akakishika kitabu mbali na uso, mkono umenyooka, maana macho yake ya karibu hayana nguvu. Akatazama kwa muda mrefu.

"Nani huyu?"

"Ni wewe, nyanya."

Alitazama tena. "Alikuwa mwema?" akauliza.

"Nani?"

"Huyu marehemu."

Nikacheka, nikingoja acheke. Hakucheka. Alikifunga kitabu polepole, akanirudishia kwa mikono miwili, kama unavyomrudishia mgeni kitu chake. "Ahsante, mwanangu," akasema, "Mungu akubariki."

Mwanangu! Hajawahi kuniita hivyo. Jioni ya pili niliporudi kazini nilisimama mlangoni kuulizwa nimeleta nini. Aliinua kichwa, akasema, "Karibu, mwanangu. Pole na kazi." Nikamwamkia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," na akarudi kuchambua mchele wake. Kesho yake nilimnunulia tambuu ya kutafuna, ile anayoipenda, yenye karafuu nyingi. Alishukuru. Nikamwambia, kwa kumchokoza, kwamba nimepata mchumba Kisauni. "Kheri," akasema. "Mcha Mungu?"

Watu wa bara waliopanga nyumba ya pili walimwambia mama kwamba bibi siku hizi ametulia, amekuwa mpole. Mama alinitazama mimi. Nyumba ilikuwa na adabu kama hospitali. Nilijua kilichotokea: mtani akiacha kukutania, amekutoa mlangoni na kukuwekea kiti nje. Hakugombezi ili uombe msamaha. Anakuheshimu, basi. Na nyanya ni mtu mzima sana. Nilianza kuhesabu moyoni mambo ya kutisha: kwamba angeweza kuondoka duniani siku yoyote, na neno la mwisho baina yetu likawa "mwanangu, pole na kazi."

Kwa hiyo nilifanya ninachojua kufanya, nikamchora upya. Safari hii nilimtia kanga mpya yenye maua, kila ua nikalichora petali kwa petali. Dada yangu alinikuta nikilifuta ua.

"Kaka, kwani wamwonea haya?"

"Nani?"

"Nyanya. Umemtoa pengo. Si ndilo achekealo?"

Nilimwambia atoke, nina kazi. Alitoka. Nikabaki na raba mkononi, na lile swali. Ndiyo, nilimwonea haya. Si yeye peke yake. Nilikuwa nimeyaonea haya mabati yetu yenye kutu, nikaezeka vigae kitabuni. Nilionea haya sufuria zetu nyeusi, nikazing'arisha. Nilifikiri kitabu ni sebule, na watu huwaingizi sebuleni kabla hujafagia. Nilikuwa nimefagia hadi wenye nyumba wakatoka.

Nikakumbuka matanga ya babu. Nilikuwa mdogo wakati huo. Watu wazima walikuwa wamekaa jamvini kimya, na sisi wajukuu tukaanza, kama ilivyo desturi: mmoja akamwigiza babu anavyokohoa kabla ya kuomba chai, mwingine akamwigiza anavyotafuta miwani na imo kichwani. Mimi nilimwigiza anavyopanda ngazi huku akiilaani. Watu wakacheka na machozi yao usoni, na aliyecheka kuliko wote alikuwa nyanya, mjane mwenyewe. "Ndiye!" alikuwa akisema, akijipiga paja. "Wallahi ndiye huyo!" Siku ile hakuna aliyesema babu alikuwa na subira. Nadhani alikuwa nayo.

Kesho yake asubuhi sikuchukua penseli. Nilichukua kalamu ya wino ya dukani, ya kujazia fomu, nikakaa uani, kwenye ndoo iliyopinduliwa, mbele ya nyanya. Alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi, mguu mmoja ameunyoosha, kanga imepanda hadi gotini. Kunguru walikuwa juu ya mabati, wanangoja. Nikachora nilichokiona. Mstari wa bega ulitoka mbaya, nikatafuta raba mfukoni, na raba haifuti wino. Nikaendelea. Nikachora mguu, mrefu, unafika mwisho wa karatasi. Kunguru mmoja akashuka akanyakua kipande cha nazi, nyanya akamrushia kifuu na laana inayomhusu mama yake kunguru, mdomo wazi, pengo wazi, ulimi unachungulia. Nikachora hivyo hivyo, mbio. Na mlangoni nikamchora mtoto wa hadithi anarudi mikono mitupu, nikaandika maneno kutoka mdomoni mwa nyanya: *Watu waolewa na wanaume, mimi nimeolewa na gunia, tena tupu!*

Nikaiweka karatasi juu ya sinia, mbele yake, nikarudi kwenye ndoo. 

Aliifuta chicha mikononi. Akaishika karatasi mbali na uso. Hajui kusoma herufi hizi zetu. Anasoma za Kiarabu. Dada yangu, aliyekuwa akifagia, alisimama nyuma yake akamsomea.

Nyanya aliigeuza karatasi upande. Halafu akasema, "Mguu huu ni wangu au ni mchi?"

"Ni wako."

"Na huyu kijana mzuri mlangoni, na nywele zake za kuchana, ni nani?"

"Ni... ni mume."

"Mume yupi? Mimi sina mume mzuri hivi!" Akamgeukia dada yangu. "Hebu tazama, mwenzangu. Mimi anichora kama mchawi wa nazi, nafsi yake aichora kama bwana harusi. Masikio yako wapi? Mume wangu ana masikio, akipita penye upepo apeperuka!"

Mume wangu. Nilisikia, lakini sikuthubutu kutingishika.

"Nitayachora," nikasema.

"Utayachora madogo, nakujua. Leta hiyo kalamu."

Akaipokea, akaikamata kwa ngumi kama anavyokamata kisu, na kwenye kichwa cha yule kijana mzuri akachora masikio mawili. Moja lilitoka duara, kubwa kama sahani. La pili lilianza shingoni, likapita juu ya nywele, likaishia kwenye fremu ya mlango. Kichwani mwangu kuna mtu mdogo asiyelala, kazi yake ni kuona kasoro. Mtu huyo alipiga kelele. Karatasi yangu! Picha pekee iliyotoka vizuri! Na ni wino!

Nyanya aliitazama kazi yake kwa mbali, mkono umenyooka. Ndipo akacheka, ulimi ukachungulia pengoni.

"Ndiye," akasema. "Wallahi ndiye huyo."

Nilikirudia kitabu kizima kwa kalamu ile. Mtoto wa hadithi ana masikio ya nyanya tangu ukurasa wa kwanza. Niliyanakili jinsi yalivyo, moja sahani, moja njia ya reli. Mabati yana kutu. Wale watoto waliporudi barazani, sikujifanya narekebisha baiskeli. Nilikaa nao. Kwenye masikio mmoja alicheka, akamwonyesha jirani yake. Kwenye gunia walipiga kelele hadi nyanya akatoka ndani kuuliza nani anamchekea mumewe. Aliyeniuliza kuhusu maswali alikigeuza kitabu nyuma tena, akakiangalia, halafu akakifungua mwanzo.

Hofu ipo palepale. Nikifungua karatasi mpya, yule mtu mdogo wa kichwani bado halali. Lakini sina penseli tena, wala raba. Nachora kwa wino, nikikosea naendelea. Na nikirudi jioni mikono mitupu, naitwa gunia.